Jina la Dereva Kwenye Bima

Kwa miaka minane ya ndoa yetu sikuwahi kujua bima ya gari ni nini. Nilijua tu kwamba kila baada ya miezi mitatu mume wangu alirudi nyumbani Bwiza na kikaratasi cha rangi, akakipaka povu la sabuni, akakibandika kwa ndani kwenye kioo cha mbele cha Karola yetu, halafu akarudi nyuma hatua mbili kukitazama kama mtu aliyetundika picha ya arusi. Mimi nilidhani ni kodi. Serikali hupenda kodi, na mume wangu alikuwa mtu wa kulipa kila kitu mapema, hata ugomvi: akijua atachelewa kurudi, alikuwa akiniomba msamaha asubuhi.

Alikuwa na teksi, na alikuwa fundi pia. Asubuhi alilala chini ya magari ya watu gereji, mchana akaendesha la kwake. Mikono yake ilinuka petroli hata akioga mara tatu, nami nililalamika kila siku ya Mungu. Leo nikipita mahali wanapouza petroli kwa madumu, nasimama kidogo. Watu hudhani nimechoka.

Mwaka ule alioondoka, vita vilikuwa vimeshaingia mjini. Majirani tuliokula nao Idi walihama bila kuaga, na nyumba zao zikakaliwa na watu ambao hatukuthubutu kuwauliza wametoka wapi. Katikati ya hayo yote, ambreyaji ya Karola, yaani klachi, ikafa. Disiki yake haikupatikana popote mjini. Mume wangu akasema atavuka mpaka hadi Uvira, akainunue huko, arudi kesho yake mchana. Uvira si mbali; siku za amani watu walikwenda wakarudi wakakuta sufuria bado iko jikoni. Alivaa shati la bluu, akachukua mfuko wenye ile disiki mbovu ili aonyeshe saizi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Asiransi inaisha mwezi ujao," akasema. "Nikichelewa, we enda uilipe. Gari isikae bila karatasi."

"Kwani mi karani yako?" nikamjibu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya mwisho kwake. Miaka yote hii nimepekua kumbukumbu yangu nione kama baada ya hapo nilisema jambo lolote jema, hata kwaheri, na sijaona.

Hakurudi kesho yake mchana, wala wiki ile, wala mwezi ule. Mtu mmoja alisema alimwona Uvira akinywa chai. Mwingine akaapa kwamba amemwona Kigoma, amenenepa. Baadaye vita vikaanza na kule ng'ambo, na wale waliokuwa wakileta habari wakaacha kuleta. Nilikwenda kwa shehe. Akaniambia mke wa mtu aliyepotea hangoji milele, lakini hangoji kidogo: miaka minne. Ikipita bila habari, mume atahesabiwa amekufa, nami nitakaa eda yangu ya miezi minne na siku kumi, kisha nitakuwa huru. Nilimshukuru, nikatoka. Uhuru wenyewe sikuutaka.

Niliishi ua mmoja na mama wa mume wangu. Mamamkwe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa, na mtoto wake ni huyo mmoja. Tulikuwa hatupatani hata kidogo kabla ya hapo. Alikuwa akionja mchuzi wangu na kusema "Alhamdulilahi" kwa namna ya mtu aliyeponea chupuchupu. Baada ya mume wangu kupotea tulipatana, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine ambaye kila mmoja wetu angeweza kukaa naye kimya.

Karola ilikaa uani zaidi ya mwaka ikigeuka kiota cha kuku. Halafu Ijumaa moja mafundi wenzake wa gereji walikuja baada ya sala, wanne, na disiki waliyoipata sijui wapi. Walifanya kazi mpaka alasiri, hawakutaka hata chai, na walipomaliza gari likawaka. Mamamkwe alitoka ndani mbio, kichwa wazi. Alipoona nani ameshika usukani akarudi polepole.

Gari sasa lilikuwa zima, na watoto wangu watatu walikuwa na njaa. Palikuwa na mzee mmoja, rafiki wa mume wangu, aliyeendesha malori maisha yake yote. Akakubali kufanya teksi kwa niaba yetu. Lakini kwenye kila bariyeri ya barabarani askari walitazama kwanza kioo cha mbele, na kikaratasi chetu kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Basi nikapiga moyo konde, nikavaa buibui langu la heshima, nikaenda mjini kununua kitu nisichokijua.

Ofisini palikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha mwanamke wa makamo mwenye miwani, mtu wa mtaa wa Mutanga Nord, ambaye kila mtu alimwita madamu. Nilimwambia nataka bima, gari letu likiibiwa tulipwe.

"Mama, asiransi ya lazima haiko juu ya gari yako," akasema. "Wakiiba gari, sisi hatumo. Ikiungua, hatumo. Iko juu ya mutu mwenye gari yako itaumiza. Umemugonga mutu kwa barabara, amevunjika mukono, sisi tunalipa daktari. Amekufa, tunalipa familia yake. Na watu wenye umebeba ndani, vilevile."

"Mutu mwenye simujui?"

"Mwenye humujui."

"Na kama sijagonga mutu?"

"Tunashukuru Mungu."

"Na feza yangu?"

"Inabaki."

"Inabaki kwa nani?"

Nyuma yangu mtu alicheka. Madamu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Inaenda kwa ule mwenye mwenzako amegonga, mama. Na siku yako ikifika, ya wenzako inakuja kwa wako."

Mimi ni mbishi, lakini hapo nilikubali. Katika mji ambao watu walikuwa wakiumizana makusudi, kumbe lilikuwapo dirisha ambapo watu wasiojuana walichanga kwa ajili ya wale watakaoumizwa kwa bahati mbaya. Na sheria iliwalazimisha, yaani hata mchoyo alichanga. Nilifikiri ni jambo zuri sana na nikaona haya kwamba nililiita kodi.

"Na dereva?" nikauliza. "Akiumia ye mwenyewe?"

"Dereva hamo. Ile ni asiransi ingine, ya kununua peke yake. Hii ya lazima inalinda wote, isipokuwa ule mwenye kushika usukani."

Miaka minane alikuwa akienda pale kila baada ya miezi mitatu, analipa, anarudi nyumbani na furaha yake na povu lake la sabuni, na ile karatasi ilimlinda kila mtu mjini isipokuwa yeye. Na alijua. Mtu wa magari, lazima alijua. Nilitamani kumwona wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, nimwulize mbona hakuniambia, nimgombeze kidogo, halafu nimkande kwa maji ya moto mikono yake ile inayonuka.

"Nani anaendesha?" madamu akauliza, kalamu juu ya fomu.

Sikukosea kusikia, wala sikuchanganywa na Kifaransa cha fomu. Nilijua vizuri kwamba anayeendesha ni yule mzee. Lakini niliona kama nikimwandikisha mtu mwingine, nitakuwa nimemwondoa mume wangu kwenye kiti chake kwa mkono wangu mwenyewe. Nikataja jina la mume wangu. Nikatoa na nakala ya permi yake ya kuendesha, niliyoitunza kwenye mkebe wa biskuti.

"Yuko hapa?"

"Yuko safari."

"Atarudi?"

"Karibu."

Akaandika. Nyumbani nilimsimulia mamamkwe jambo nililofanya, nikitegemea atanikemea. Badala yake alichukua kile kikaratasi kwa mikono miwili, akakisomea dua ya msafiri, akakipulizia mara tatu, ndipo akaniruhusu kukibandika.

Tangu hapo nilikwenda kila baada ya miezi mitatu, na sitaficha, nilizipenda zile siku. Nilioga mapema, nikajifunga kitenge alichokipenda mume wangu. Nyumbani tulikuwa tumeacha kutaja jina lake. Watoto waliona tukilitaja tunakosa usingizi, wakajifunza kutolitaja. Majirani walisema "ule bwana yako". Lakini pale dirishani madamu alifungua daftari na kusoma jina lake lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya kawaida, kama jina la mtu ambaye mchana ule ule angeweza kukutana naye barabarani. Halafu aliuliza, "Dereva, yuleyule?" nami nilijibu, "Yuleyule." Nilikuwa narudi Bwiza kwa miguu, polepole, ili jina lile likae masikioni. Mamamkwe alinisubiri na dua yake.

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye. Kwa miaka mingi nimejaribu kujichukia kwa uongo ule na nimeshindwa.

Mwaka wa nne ulikuwa unaelekea ukingoni wakati mzee wetu alipogonga mtu. Ilikuwa mchana, upande wa Nyakabiga. Lori la askari lilitoka mbele yake kwa kasi, akalikwepa, akampata mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka na beseni la ndagala kichwani. Vile visamaki vikavu vilitapakaa barabara nzima. Mguu wa yule mwanamke ulivunjika mahali pawili. Mzee alimbeba mwenyewe mpaka hospitali, akarudi kwangu kunipa habari, na polisi wakaandika yote, pamoja na jina lake.

Nilimwonea huruma yule mama, lakini kichwa changu kilikuwa juu. Nilikwenda hospitali na chungu cha supu, nikasimama kando ya kitanda chake, nikamwambia asiwe na wasiwasi, asiransi ipo, imelipwa, haijapitwa hata siku moja. Nilimweleza mambo ya wote kuchangiana, kama vile nimeyabuni mimi. Aliniombea baraka.

Wiki zilipita. Nilipokwenda kwa madamu, aliweka kalamu chini kwanza.

"Mama, dosiye ya ile ajali imesimama. Polisi ameandika dereva ni muzee fulani. Kwetu dereva ni bwana yako, miaka yote hii. Wakubwa wanauliza: ule wa kwetu yuko wapi? Aje aseme kwa kinywa chake kama alimupa mwenzake gari. Ama ulete barua."

"Barua ya kusema nini?"

"Ya kusema ukweli, mama."

Sikuandika. Nilijiambia nitaandika kesho, na kesho nikapata la kufanya. Siku zile mgonjwa asiyelipa hakuruhusiwa kwenda kwao. Hata akipona, alibaki palepale kama mtu aliyewekwa rehani. Yule mama alikuwa ameshatolewa bandeji ngumu. Nilimkuta amekaa kitandani, magongo ubavuni, anatazama mlango.

"Ule bwana wa kwa karatasi," aliniambia, "ndiye wanangoja?"

"Ndiye."

"Yuko wapi?"

"Yuko safari."

"Basi mumuite arudi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeona njia rahisi na kushangaa kwa nini wengine hawajaiona. "Mi niko na watoto wawili kwa jirani. Mumuambie kama kuna mutu analala hapa juu yake."

Nilitoka mpaka varandani. Nilimkasirikia, kwa kweli, nilimkasirikia kwa roho yangu yote. Nimuite! Nilikuwa nimemwita miaka minne, kwenye sala, kwenye sufuria, kwenye foleni ya maji, kila gari likipunguza mwendo mbele ya mlango. Halafu hasira iliisha, nikabaki na lile neno lake, kwamba kuna mtu analala pale kwa sababu yake. Mume wangu, aliyelipa miaka minane kwa ajili ya watu asiowajua. Na mimi ndiye niliyekuwa nimemfanya afungie mtu hospitali.

Jioni nilimwambia mamamkwe kwamba nitaandika kuwa mwanawe hayupo, na kwamba ofisi inataka mtu wa damu yake athibitishe.

"Unataka mi nimuzike mwanangu kwa ofisi ya magari?" akasema.

Siku tatu hakula chakula changu. Siku ya nne nilipika wali wa kumpelekea yule mama hospitali, nikaufunga, na nilipogeuka kutafuta viatu, mamamkwe alikuwa ameshaubeba yeye. Alikwenda peke yake, akarudi baada ya adhuhuri na sahani tupu. Hakusema waliongea nini, na mpaka anakufa hakuwahi kusema. Aliniomba tu nimpigie pasi kanga zake za kutokea.

Barua niliiandika mbele ya madamu, kwa Kiswahili, yeye akaigeuza Kifaransa. Niliandika kwamba mume wangu alitoka nyumbani kwenda Uvira kununua disiki ya ambreyaji na hajarudi. Kwamba hatujui alipo. Kwamba haendeshi gari hili, na sijui kama anaendesha lolote. Mwisho niliandika: jina lake niliandikisha mimi, kwa sababu nilikuwa namngoja.

"Hiyo ya mwisho wakubwa hawana kazi nayo," madamu akasema, akaweka kalamu juu yake ili aikate. Halafu akaiondoa. "Apana. Acha ikae."

Nikatia sahihi. Mamamkwe hakujua kuandika. Wakamletea kidau cha wino. Alikitazama kidole gumba chake kilipokuwa cheusi, akakiweka mahali alipoonyeshwa, akakandamiza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Madamu alipotaka kuichukua barua, hakuiachia.

"Madamu, mi nauliza," akasema, na ile sauti yake kubwa ilikuwa ndogo. "Mwanangu, kama ni gari ya watu ilimupiga kule ng'ambo. Kama amelala mahali, wamemuzuia. Kule nako kuna mwanamuke mwenye anaweza kuandika hivi juu yake?"

Madamu alimshika mamamkwe mkono ule wenye wino, akaushika hivyohivyo, wino ukampata na yeye, na foleni ikangoja.

Tulirudi Bwiza kwa miguu. Uani mamamkwe alitandika mkeka mbele ya mlango wa chumba changu, akaketi, akanyoosha miguu.

"Miaka imetimia," akasema. "Ingia ndani, mwanangu. Watu wakija, mi niko hapa."

Asiransi ililipa hospitali, na wiki iliyofuata yule mama wa Nyakabiga alirudi kwa watoto wake. Sikumwona akitoka, nilikuwa ndani ya eda. Mzee alimpeleka kwa Karola, bure, na wakaniambia kwamba alikaa kiti cha mbele. Lakini ile jioni ya kwanza ya eda, baada ya mlango kufungwa, nilikaa kitandani upande wa mume wangu. Kumlilia kwa sauti mtu aliye safarini ni kumtakia mabaya, ndivyo mamamkwe alivyonizuia miaka yote minne, na nilikuwa nimetii. Sasa nilimwita kwa jina lake lote, la kwake na la baba yake, nikamwambia kwaheri ambayo sikumpa siku ile, nikalia mpaka uani wakanisikia. Mamamkwe hakuniambia ninyamaze. Nilimsikia kule nje, nyuma ya mlango, akilia pamoja nami.